Chapa ya Kikombe: Maisha ya Muslimo Dekow, Mpishi wa Griftu

Bismillahi. Maneno haya ni ya nyumba yake. Yamesemwa na mumewe, Salah, ambaye hakusoma, na yameandikwa na Leyla Mursal wa Kidato cha Tatu, yasomwe kwenye dua ya siku ya saba, Jumatatu tarehe 24 Oktoba 2022, hapa uwanjani mwa shule. Leyla aliambiwa asiyapambe. Marehemu hakupenda mapambo.

Muslimo alizaliwa mwaka 1966, nje kidogo ya Hulugho, upande wa mpaka. Siku yenyewe haijulikani. Kinachojulikana ni kwamba watu wenye bunduki walifika alfajiri wakatia moto maboma, na mama yake akakimbia na tumbo lake mpaka ndani ya miiba. Akajifungulia huko, kitambaa kikiwa kinywani ili asisikike. Baba yake, Dekow, aliwakuta jioni. Katika ngamia wake wote alikuwa amebaki na mmoja. Bahati, huyo mmoja alikuwa na maziwa. Ndiyo yaliyomlea mtoto. Muslimo alikuwa akihadithia jambo hilo huku akicheka: "Mimi nilizaliwa nikiwa nimenyamazishwa. Ndiyo maana tangu hapo sinyamazi."

Kusoma alisoma kidogo. Duksi, chuo cha Kurani, alifika juzuu ya kumi na mbili, na alama za fimbo ya mwalimu alikuwa nazo mgongoni hadi uzeeni. Shule ya serikali alikaa siku arobaini tu. Siku ya arobaini na moja wavamizi walimuua kaka yake mkubwa kisimani, wakamwacha ametumbukia nusu ndani ya maji, na watu wakakaa siku mbili bila kunywa. Mbuzi wakakosa mchungaji. Dekow akaenda mpaka mlangoni mwa darasa, akamwita kwa jina, naye Muslimo akatoka. Hakurudi.

Kitu alichokisoma vizuri ni chapa. Baba yake alimfundisha chapa za mifugo za kila ukoo kuanzia Hulugho hadi huku Wajir Magharibi: mstari wa shingoni, msalaba wa pajani, nukta za shavuni. Alizisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Wakati mmoja hapa sokoni Griftu mtu aliapa kwamba ngamia anayemuuza alizaliwa mikononi mwake. Muslimo akamzunguka yule ngamia mara moja, akasema, "Haye. Huyu amezaliwa na baba watatu." Soko zima likacheka. Ngamia alikuwa na chapa tatu, na kila mfugaji anajua kwamba chapa ikiongezwa juu ya chapa, mnyama amepata mwenyewe mwingine: ameuzwa, ametolewa, au ameporwa. Jambo hilo wasikilizaji walishike. Litarudi.

Ndoa yake ilianza kwa ugomvi. Ukame wa mwaka 1984 ulimsukuma Salah na ngamia wake mpaka visima vya Hulugho. Alikuwa kijana mwenye kiu na haraka. Akaingiza ngamia kwenye birika kabla ya zamu yake. Msichana mmoja akamwambia arudi nyuma. Hakurudi. Msichana akamtandika usoni kwa ndoo ya maji, na jino la mbele likaanguka mchangani. Wiki hiyo hiyo Salah akaenda kuposa. Dekow akamtazama mdomo.

"Si huyu huyu aliyekuvunja jino?"

"Ndiye."

"Na bado unamtaka?"

"Ngamia wangu wanahitaji mtu wa namna hii."

Walioana Machi 1985 na wakahamia Griftu. Jino halijarudi. Tangu siku ile, Salah akisema neno lenye "s" upepo unapita kwenye pengo kama filimbi, na mkewe alishikilia kwamba filimbi inapiga zaidi mumewe anapodanganya. Kwa hiyo Salah aliacha kudanganya nyumbani. Ilikuwa kazi bure.

Walijaliwa watoto wanne. Wa tatu aliitwa Ramlo. Alikufa mwaka 1992 akiwa na miaka miwili, wakati wa ukame wa mwaka huo. Watu husema njaa huja taratibu. Wanaosema hivyo wameshiba. Njaa iliingia kwenye aqal ya Salah, kibanda chake cha mikeka, kama jambazi. Ilimvimbisha Ramlo miguu, ikamng'oa nywele, ikamchuna ngozi, na mwisho ikamkaba koo mpaka akawa anafungua mdomo kulia na sauti haitoki. Mama yake alimchimbia kaburi mwenyewe kwa sababu Salah alikuwa mbali akitafuta maji. Aliporudi alimkuta amekaa na mikono imejaa udongo. Hakuwa akilia. Alisema, "Salah, huyu hakufa. Huyu ameuawa. Na mimi namjua aliyemuua." Kuanzia hapo, mtoto wa mtu yeyote akipita mbele ya nyumba yao na mbavu nje, hakupita bila kitu mkononi.

Mwaka 2004 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule hii ya upili. Alipika kwa miaka kumi na minane. Wanafunzi walimwita Ayeyo, nyanya yao. Waliuogopa mwiko wake kuliko naibu wa mwalimu mkuu. Najib wa Kidato cha Nne alikuwa na mdomo kuliko wote. Siku moja alichomeka kijiko katikati ya sahani, kikasimama.

"Ayeyo, huu ni uji ama ni simiti? Naweza kujenga nyumba."

"Jenga," akamwambia. "Nitakuja kuibomoa kwa huu mwiko ukiwa ndani."

Juni mwaka huu, mvua zilikuwa zimekataa tena na watoto wadogo wakaanza kuja kwenye ua wa shule saa ya chakula. Hawakuomba. Walishika waya na kutazama. Mmoja akaanguka akiwa bado ameshika waya, ukamchana kiganja. Jioni ile Leyla na wenzake walikaa darasani, kisha wakamfuata Ayeyo jikoni. Wakamwambia wameamua kufunga sunna kila Jumatatu na Alhamisi, shule nzima, na chakula chao cha mchana cha siku hizo kiwe uji wa wale watoto.

Akawauliza, "Mmeamua, au mmefurahi tu? Jumatatu ya tatu mtakuja hapa kunilamba sufuria."

Leyla akamjibu, "Ayeyo, tukikulambia sufuria, tupige."

Hakumpiga mtu. Jumatatu ya tatu ilipita, ya kumi pia.

Uji mtupu haukutosha watoto wachanga. Wanafunzi wakakumbuka desturi ya zamani: mwenye mnyama wa maziwa humkopesha asiye naye, akamue mpaka ukame uishe, kisha amrudishe kwa mwenyewe. Wakaenda nyumba kwa nyumba, pande zote mbili za mji. Mzee Bare alitoa mbuzi. Mzee Jelle, ambaye ni ukoo mmoja na Salah, alitoa pia. Wengine wakafuata. Wanafunzi waliwalisha mbuzi hao maganda ya migunga waliyookota wenyewe porini kabla ya masomo, vidole vikitoka damu kwa miiba.

Lakini watu wa Bare na watu wa Jelle wana damu kati yao tangu zamani. Mama mmoja wa upande wa Jelle alikuja na mtoto wake Hamdi, mwenye miaka mitatu. Alipoona kwamba mbuzi anayekamuliwa ana chapa ya watu wa Bare, akamwaga kikombe.

"Mtoto wangu hanywi maziwa ya waliomuua baba yake."

Ayeyo alimbembeleza. Akamfokea. Akamfuata mpaka kwake na maziwa, akafungiwa mlango. Hamdi alikufa tarehe 19 Septemba. Muslimo aliosha maiti yake. Alimwambia mumewe kwamba mwili ule ulikuwa mwepesi kama wa Ramlo, na kwamba koo lilikuwa limekabwa vile vile.

Wanafunzi walikaa tena. Leyla akaja na jibu. Mbuzi wote wapewe chapa moja, ya shule, kwenye shavu la kulia, ili mama akitazama asione mbuzi wa fulani, aone mbuzi wa watoto. Chapa ya ukoo ya shavu la kushoto wangeiacha, na wakati wa kukamua, shavu la kulia tu ndilo lingeelekea foleni. Leyla ni mtoto wa duka. Hajawahi kuchunga. Najib naye ni mtoto wa ofisi. Hawakujua. Muslimo alijua.

Aliwaambia, "Chapa haichezewi, watoto wangu."

"Ayeyo, ni alama tu."

"Mimi nimezika wanaume kwa sababu ya alama tu."

Najib akauliza, "Sasa tumzike nani mwingine? Juma lijalo ni zamu ya nani?"

Ayeyo alikoroga sufuria hadi adhuhuri. Kisha akachukua kikombe cha bati kisicho na mkono, akakitia kwenye moto wa jikoni mpaka kikawa chekundu, akakishika kwa koleo. Wanafunzi walishika mbuzi, yeye akachoma. Mbuzi walipiga kelele za kutisha, moshi wa manyoya ukajaa uani, na wasichana wawili wakatapika. Hakumpa mtoto yeyote koleo. Mmoja baada ya mwingine, duara la kikombe kwenye shavu la kulia. Wenye mbuzi hawakuulizwa. Hilo ndilo kosa, na lilikuwa lake, na aliomba lisomwe hapa kwamba lilikuwa lake.

Kwa wiki mbili watoto wa pande zote walikunywa foleni moja, na hakuna kikombe kilichomwagwa.

Jumatano tarehe 12 Oktoba, mbuzi mweusi wa Bare alikata kamba akarudi kwao. Alifika nyumbani na chapa mbili. Vijana wa Bare wakasema, basi, Jelle amejitwalia mifugo kwa mlango wa shule. Habari ikazunguka mji. Watu wa Jelle nao wakaja kutazama mbuzi wao uani, wakakuta duara lile lile, wakasema ni Bare. Kila upande ulilala na hasira yake.

Alhamisi tarehe 13, saa sita na nusu mchana, watoto walikuwa kwenye foleni na vikombe. Wanafunzi walikuwa wamefunga, wakigawa. Pikapu ya watu wa Bare iliingia kwa lango kuu. Watu wa Jelle walikuja kwa miguu kutoka sokoni, na fimbo na panga. Wazee wawili wakakutana katikati ya uwanja huu huu.

Bare akasema, "Mbuzi nilimpa mtoto anywe. Sikumpa Jelle."

"Mimi nichukue mbuzi wako? Yule ambaye mbavu zake zinahesabika kutoka barabarani?"

"Kumbe ulikuwa ukizihesabu!"

Hakuna aliyecheka. Fimbo ya kwanza ilimpasua Jelle juu ya jicho. Jiwe likavunja meno ya kijana wa Bare. Baada ya hapo hapakuwa na wazee tena, palikuwa na panga. Mtu mmoja alikatwa mkono akaendelea kupiga kwa mwingine. Sufuria ya uji ilipinduliwa na watoto wawili wakaungua miguu. Najib aliwakokota wadogo chini ya meza, wawili wawili, akipigwa mgongoni na watu wasiojua hata wanampiga nani. Leyla akapanda juu ya benchi akapiga kelele: "Chapa ni yetu! Ni sisi! Ni ya shule!"

Mowlid, mpwa wa Bare, alikuwa na bunduki. Aliigeuza kwenye sauti.

Muslimo alimsukuma Leyla kutoka juu ya benchi, akasimama mahali pake. Akauinua mkono wake wa kulia juu, mwiko ukiwa bado ndani yake. "Mkono uliochoma ni huu! Mowlid, ni mimi. Ni Ayeyo."

Mowlid anasema aliona mtu ameinua kitu. Risasi iliingia tumboni. Mowlid amekula kwa mkono ule miaka minne, akamaliza shule mwaka 2019. Alipoona ni nani, aliiangusha bunduki akajipiga kichwa ukutani mpaka wenzake wakamfunga kwa kilemba. Hivi sasa yuko mikononi mwa polisi.

Ugonjwa wa Muslimo ulikuwa siku nne. Alipakiwa kwenye pikapu ile ile iliyoleta wauaji, kwa kuwa haikuwepo nyingine, na Bare mwenyewe ndiye aliyeendesha. Barabara ya Wajir ilimpiga kuliko risasi. Kichwa chake kilikuwa kwenye paja la mumewe. Aliuliza, "Watoto wamekunywa?"

Salah akasema, "Wamekunywa wote."

Alifumbua jicho moja. "Mzee, filimbi inapiga."

Uji wote ulikuwa umemwagika na kuchanganyika na damu. Alijua.

Hospitalini madaktari walifanya walichoweza. Siku alizokuwa na akili timamu alisema mambo matatu. La kwanza, kwamba kosa la chapa ni lake na lisomwe hivyo, na kwamba anaomba radhi kwa Bare na kwa Jelle, sawasawa, kwa mbuzi wao. La pili, kwamba Leyla na wenzake wasiguswe wala wasilaumiwe. La tatu alimwambia mwanawe Daud, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na hataki kuketi.

"Umeitoa wapi hiyo bunduki, Daud?"

"Bunduki gani, Hooyo?"

"Ile inayokuzuia kuketi."

Daud akatoka nje. Muslimo alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 17 Oktoba 2022, akiwa na miaka hamsini na sita. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alizikwa Griftu siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Bare alikuja kaburini bila viatu. Ilibidi watu wanne wamshike Daud.

Wazee walikaa siku tatu juu ya diya, fidia ya damu. Ndugu zake wa Hulugho walisema kwamba neno la Salah ndilo lao. Salah si mtu wa kusema sana. Alisema hivi tu: kabla ya mengine yote, waletwe ngamia waliozaa, wenye maziwa, waletwe hapa shuleni na si nyumbani kwake, wawe wa watoto wa pande zote mpaka ndama wao waache kunyonya. Mwenyewe wa kila ngamia aulizwe kwa jina na akubali kwa mdomo wake. Na mtu yeyote asiwatie chapa. Wabaki na chapa ya watu wa Bare, ionekane, na mtoto anywe akiiona.

Ngamia watatu wakafika juzi, Jumamosi. Ndugu mmoja wa marehemu alikuja mbio kumwambia Salah kwamba Daud yuko kwenye zizi la shule na bunduki. Salah alikwenda kwa miguu yake mibovu. Alimkuta mwanawe amemwelekezea mtutu ngamia wa mbele, katikati ya macho. Wanafunzi walikuwa wamesimama mstari nje ya zizi. Daud alisema hatamwacha ngamia mwenye chapa ile apumue juu ya kaburi la mama yake.

Salah hakumkataza. Alikuwa amechoka. Alimwambia, "Ua. Kisha uwaambie wale."

Watoto walikuwa wamekwisha kuja na vikombe vyao. Haikuwa Jumatatu wala Alhamisi, lakini walisikia ngamia. Msichana mmoja wa watu wa Bare, Hawo, wa miaka minne, miguu yake bado ina bendeji za uji ule, alipenya kati ya miti ya zizi akamvuta Daud shati.

"Wewe ndiye unayekamua leo?"

Daud alimtazama. Alitazama miguu. Ngamia hakamuliwi na mwenye bunduki. Mkamuaji husimama mguu mmoja, mwingine ameupandisha gotini kushikilia chombo, na mikono yote miwili iko kazini. Daud akageuka.

"Aabo, shika hii."

Salah akaishika, na ilikuwa ya moto kwa jua. Jana asubuhi aliipeleka kituoni kwa mkono wake. Na Daud akasimama mguu mmoja chini ya ngamia wa watu wa Bare, analia na anakamua, mpaka povu likapanda juu ya chombo cha mama yake.

Muslimo Dekow ameacha mume, Salah. Ameacha watoto watatu, Daud, Maka na Yahye, na wajukuu sita. Ametanguliwa na Ramlo, na ni matumaini ya nyumba yake kwamba wamekwisha kuonana. Ameacha wanafunzi wa shule hii, ambao leo, Jumatatu, wamefunga kama kawaida. Ameacha mwiko, ambao Najib ameomba na amepewa.

Mola amsamehe chapa ile, ampanulie kaburi, amtue mzigo wa njaa za wengine alioubeba. Mumewe hana la kuongeza ila jibu la swali lake, na anataka alisikie huko aliko, na asikilize vizuri kama kuna filimbi.

Muslimo, watoto wamekunywa.